Mgogoro Nilioujaza Kwenye Fomu

Siku mliponiaga ofisini mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haraka ya kwenda popote, mkaniomba niwaandikie uzoefu wangu. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza jinsi kazi ilivyoniingia, na hasa kosa moja nililolifanya kwa kalamu ya serikali, ambalo nusura liwatenganishe wazee wawili waliokuwa wakipendana tangu mimi nikiwa wa kubebwa mgongoni.

Nilizaliwa Kwamkoro, kwenye kambi ya wachuma chai, ambako kila kabila lilikuwa na ngoma yake na Jumapili zote zililia kwa pamoja. Nilipopangiwa Lushoto kuwa msaidizi wa Afisa Utamaduni, nikajiona tayari ninaijua kazi. Nilipanda kutoka Mombo juu ya lori la mbolea, mimi na godoro langu, nikafika kuripoti nimevaa gauni jeupe ambalo halikuwa jeupe tena. Ofisi ya utamaduni ilikuwa chumba cha nyuma kilichotumika pia kuwa stoo ya mipini ya majembe. Mkuu wangu, Mzee Mbaruku, alikuwa amekaa juu ya ngoma kubwa, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimeazimwa na idara ya mifugo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kucheza?"

"Nina cheti."

"Sijakuuliza cheti."

Basi nikacheza, palepale kati ya mipini ya majembe, nikinuka mbolea. Akaangalia mpaka mwisho bila kutabasamu, akanipa muhuri wa vibali vya ngoma na kuniambia nisiupoteze.

Vifaa vyetu vilikuwa vitatu: muhuri huo, redio kaseti moja ya wilaya, na penseli ya kuzungushia kanda zilipojikunja. Redio ilikula betri sita kubwa. Betri zikichoka, watu wa tambarare huzianika juani zikapata nguvu kidogo. Kwetu mwezi wa saba jua halionekani, ni ukungu kutwa, kwa hiyo nilizipeleka kwa mama lishe wa sokoni nikazipanga kando ya jiko lake kama viazi. Mara moja alimwekea mteja betri kwenye sahani ya maharage. Mteja akalalamika kwamba kiazi ni kigumu.

Mzee Mbaruku alinifundisha mengi, mengine kwa mdomo na mengine kwa kunyamaza. Alisema kikundi cha ngoma hakivunjiki, kinapumzika, na katika ripoti niandike hivyo. Alisema nisimuulize mtu yeyote nani anaimba vizuri zaidi kama napenda kulala salama. Na kulikuwa na jambo lililonikera: tukiitwa mahali watu wamegombana, yeye hakumuuliza yeyote kisa cha ugomvi. Alifika, akala, akaomba wapige ngoma kidogo, akaaga. Niliona ni uvivu. Nilikuwa nimesomea upatanishi muhula mzima, na kwenye begi nilikuwa na daftari lenye hatua zote.

Alistaafu, nikabaki peke yangu, na hapo ndipo ikaja miaka ya ruksa. Ninyi hamkuiona, basi niwaeleze. Ghafla kila kitu kiliruhusiwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kunukia. Mitumba ikapanda mlima, na wazee wa baraza wakaanza kusikiliza kesi wakiwa wamevaa makoti ya wanawake wa Ulaya, yenye manyoya shingoni, kwa sababu baridi haichagui. Ukumbi tuliofanyia mashindano ya kwaya ukawa wa disko. Na serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Akaja bwana mmoja kutoka makao makuu kuuliza kila idara inazalisha nini. Kilimo wakasema kabichi. Mifugo wakasema maziwa. Mimi nikasema furaha. Akaandika, akapiga mstari chini yake, na sikuupenda mstari ule.

Ndipo ikaja barua ya shirika fulani la nje, ambalo sitalitaja. Walitaka kutumia muziki kuleta amani kati ya watu wa imani na tamaduni tofauti, na wangetoa vyombo vya muziki kwa vikundi vitakavyochaguliwa. Ndani yake kulikuwa na fomu. Swali la nne lilisema: eleza mgogoro uliopo kati ya jamii mbili. Chini yake, kwa herufi ndogo: kama hakuna mgogoro, usiendelee kujaza.

Nilikuwa na vijiji viwili kichwani. Nitaviita Juu na Bondeni, kwa kuwa wenyewe wangali hai na ndimi zao hazijastaafu. Juu walikuwa Walutheri, na walikuwa na bendi ya matarumbeta iliyoongozwa na Mzee Zakaria, fundi seremala, mtu mrefu asiyecheka haraka. Bondeni walikuwa Waislamu, na kikundi chao cha kaswida na dufu kiliongozwa na Mzee Rashidi, mkulima wa nyanya, mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mlima. Kila asubuhi Zakaria alitoka nje akapaza sauti kuelekea bondeni, akimsalimu mwenzake kwa Kisambaa, "Onga makeo, mghosi!" na Rashidi akamrudishia hiyohiyo, na ndipo vijiji vyote viwili vilipojua kumekucha. Krismasi madufu yalipanda juu. Idi matarumbeta yaliteremka. Ngozi ya ngoma kubwa ya Zakaria ilitoka kwa mbuzi wa Rashidi.

Lakini matarumbeta yenyewe yalikuwa taabani. Moja lilizibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, jingine kwa nta ya nyuki, na lile kubwa la kuvuta lilitoa sauti mbili tu, zote za msiba. Nikafikiria sauti hizo, nikaufikiria na ule mstari chini ya neno furaha. Kisha nikaandika kwenye swali la nne: "Mgogoro wa muda mrefu." Nikapiga muhuri.

Fomu ilikubaliwa upesi kuliko likizo yangu yoyote. Mgeni angekuja baada ya miezi miwili, na zaidi ya kusikiliza muziki angependa kuona jamii hizo mbili zikipatana kwa mila zao zenyewe.

Hapo ikabidi niende kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa bibi wa Bondeni aliyetunza kibuyu cha suluhu. Kwa desturi ya pale, waliogombana hukaa mbele za watu, kila mmoja akataja kilichomkera, kisha akasukutua maji ya kibuyu na kuyatema chini, hasira ikatoka nayo. Wa juu na wa bondeni wote waliifuata, na shehe na mchungaji siku hiyo huwa na safari. Nikamweleza bibi kwamba tunataka kutema maji, lakini hakuna aliyegombana na mtu, ni kwa ajili ya mgeni tu.

"Haiwezekani," akasema. "Maji haya hayatemwi bure. Mkiyatema bila kosa, kosa litakuja lenyewe kuyafuata. Leteni kosa kwanza."

"Bibi, hata dogo?"

"Hata dogo. Lakini liwe la kweli."

Nikaunda Kamati ya Kutafuta Mgogoro, wajumbe sita, watatu kila upande. Mihtasari yake ninayo mpaka leo. Kikao cha kwanza mjumbe wa Juu alipendekeza maji ya mfereji. Wa Bondeni akamkumbusha kwamba Jumamosi iliyopita walizibua mfereji huo pamoja, na yeye ndiye aliyeleta makande. Mwingine akataja shamba la mpakani. Ikaonekana ni la mama mmoja aliyezaliwa Juu na kuolewa Bondeni, na mama huyo ndiye aliyekuwa akitupikia chai ya kikao. Ikatajwa dini. Mwalimu wa madrasa akasema yeye dini haiwezi, maana dada yake ni mke wa mwinjilisti na ndiye anayemshonea kanzu.

Mjumbe mmoja, mtu wa kujitolea sana, akasema yuko tayari kupigwa, mradi isiwe kwenye meno. Tukamshukuru, tukaandika kwamba wazo limepokelewa.

Kikao cha tatu tuliazimia Bondeni waibe mbuzi wa Juu. Kamati ikachagua mbuzi, mwenyewe akaarifiwa kwa barua, wezi wakaja mchana, wakapewa chai, wakaondoka naye. Kesho yake mbuzi alirudi kwao peke yake kabla ya saa sita. Njia alikuwa anaijua, kwa kuwa beberu aliyempanda alikuwa wa Bondeni. Bi Mwanaidi alipoelezwa alisema huo si wizi, hayo ni matembezi.

Muda ukawa unakwisha. Nikafungua daftari langu la chuoni. Hatua ya pili ilisema: waketishe viongozi ana kwa ana, kila mmoja aeleze yaliyo moyoni. Nikawaita Zakaria na Rashidi nyumbani kwa Bi Mwanaidi, kamati nzima ikishuhudia, mimi nikiwa na kalamu mkononi. Jamani, kama kuna siku natamani penseli ya kanda ingeweza kuirudisha nyuma, ni hiyo.

"Mimi sina neno na Rashidi," akasema Zakaria.

"Na mimi sina," akasema Rashidi. Akaniangalia, akaona nilivyonyong'onyea. Alikuwa mtu mwenye huruma, hilo lazima niliseme, na alilolifanya alilifanya kunisaidia. "Basi, Afisa, usihuzunike hivyo. Labda ile ya harusi."

"Harusi gani?" akauliza Zakaria.

"Ya binti yako mkubwa. Si mlituketisha nyuma ya zizi la mbuzi? Mkasema tutapiga watu wakishakula. Watu wakala, wakaenda zao. Tukawapigia kaswida mbuzi na akina mama wanaoosha masufuria." Alikuwa bado anacheka. "Vijana wangu walikuwa wamefua kanzu."

Nikaandika, nafurahi. Kalamu ilikuwa inakimbia.

"Sikujua uliliweka hilo," akasema Zakaria polepole.

"Sijaliweka. Natafuta tu cha kumpa Afisa."

"Basi na mimi nimpe. Mama yangu alipofariki hukuja kuzika. Ulileta magunia mawili ya viazi."

"Nilikuwa Mombo! Nyanya zilikuwa zinaniozea barabarani! Siku ya tatu si nilikuja?"

"Viazi havilii, Rashidi," akasema Zakaria.

Hakuna aliyecheka. Rashidi akasimama, akavaa kofia yake, akatoka. Zakaria akatoka kwa mlango uleule lakini akageukia upande mwingine, ambao haukuwa na njia, ikambidi apite katikati ya migomba ya bibi. Bi Mwanaidi akanitazama.

"Kosa ndilo hilo, umelipata," akasema. "Wewe ndiye uliyelitaka."

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyeita kutoka Juu, na Bondeni hakuna aliyeitika. Watu walichelewa kuamka. Baada ya wiki mtu akaufunga mfereji. Yule mama wa shamba la mpakani akaacha kupika chai ya kamati, akasema hajui apike kwa maji ya upande gani. Mwalimu wa madrasa akavaa kanzu yenye tundu begani, maana dada yake alikuwa hamshonei tena. Kamati ikagawanyika, watatu huku na watatu huko, na yule mjumbe wa kujitolea akapigwa kweli, ngumi moja, kwenye meno. Nilikuwa nimeandika uongo, na sasa kila siku ulikuwa unazidi kuwa kweli. Nilienda kwa Zakaria, akanikaribisha, akanipa chai, akazungumzia mbao. Nilienda kwa Rashidi, akanipa nyanya. Nililia njiani nikiwa nimebeba nyanya hizo, wala sioni haya kulisema.

Siku ya mgeni ikafika. Alikuwa mzungu mrefu, mpole, aliyevaa kofia pana ya jua katikati ya ukungu. Vikundi vilisimama kwenye kiwanja cha mpira, kila kimoja golini kwake. Mgeni akauliza kama hao ndio wenye mgogoro. Nikamwambia ndio. Akavitazama vile vikundi vilivyopeana mgongo, macho yakamjaa machozi, akasema hajawahi kuona fomu iliyosema kweli namna ile.

Hakuna aliyekubali kuanza, maana atakayeanza ndiye aliyejishusha. Mwisho wake wakaanza wote kwa pamoja. Matarumbeta yakapiga wimbo wa kanisani, madufu yakapiga kaswida, kila upande ukizidisha sauti ili kuuzamisha wa pili. Kunguru waliondoka mitini wakashika njia ya Mombo. Mgeni alifumba macho. Akasema sasa ameelewa, hizi si tamaduni mbili tena, ni moja. Akarekodi dakika arobaini. Akaomba viongozi wapeane mikono, nao wakapeana, Zakaria akitazama mlimani na Rashidi akitazama viatu vya mgeni. Ilibidi warudie mara tatu, kwa sababu mpigapicha alikuwa amesahau kifuniko kwenye kamera. Ya kutema maji Bi Mwanaidi aliikataa papo hapo. Alisema watu wale hawajasema walichotaka kusema, na yeye hatunzi kibuyu cha maonyesho. Mgeni alidhani ni sehemu ya mila, akampigia makofi.

Kisha masanduku yakafunguliwa. Bendi nzima ya Zakaria ilisogea. Ndani yake kulikuwa na filimbi sitini za plastiki, rangi ya maziwa, zile wanazofundishiwa watoto wa shule. Mgeni akaeleza, nami nikatafsiri, kwamba shirika lilifikiri sana likaamua kutoleta tarumbeta wala dufu, ili upande wowote usijione umependelewa. Filimbi haina dini.

Zakaria akapokea yake kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu zote. Filimbi zile zilifanya kazi nyingi baadaye. Kuna waliozitumia kuchochea moto jikoni, na kuna waliofukuzia ngedere kwenye mahindi. Muziki sikuusikia.

Ripoti yangu ilisema mgogoro umekwisha. Makao makuu wakaisifu, jina langu likatoka kwenye orodha ya wanaopunguzwa, na nikaambiwa nitoe mafunzo kwa wilaya nyingine. Juu na Bondeni wakati huo walikuwa hawaombani hata moto. Nikavumilia siku chache. Nilikuwa nimeiponya kazi yangu kwa urafiki wa wazee wawili, na hilo nililijua kila nilipofungua mlango wa ofisi.

Nikarudi kwa Bi Mwanaidi, nikamwomba awaite watu wote, si kamati tu. Wakaja, wakakaa mbalimbali. Nikasimama katikati, nikawasomea nilichoandika kwenye swali la nne.

"Hamkuwa na mgogoro," nikasema. "Nilidanganya. Mlikuwa mkipendana, nikaandika kwamba mnagombana, kwa kuwa niliogopa kupunguzwa kazi. Kosa ni langu. Nipeni maji niyateme mimi."

Bibi akanipa kibuyu. Nikasukutua, nikatema. Nilipoinua kichwa, nilimwona Rashidi akitikisa kichwa kama mwalimu mbele ya mtoto aliyekosa hesabu rahisi.

"Afisa," akasema, "wewe ni mtu wa utamaduni kweli? Mgogoro ulikuwepo. Ile ya harusi inaniuma tangu siku ileile. Na mwenzangu ile ya mama yake inamuuma, nilikuwa naijua, namwona anavyoniangalia kila nikishika kiazi. Hivi ulidhani miaka yote ile tunapandiana mlima na ngoma vichwani kwa sababu hatuna ugomvi?"

Kalamu nilikuwa nayo lakini sikuandika kitu.

Zakaria akauliza, bila kumwangalia mtu, "Idi ni lini?"

"Mwezi ukiandama, Jumanne," akajibu Rashidi.

"Tutakuja. Mtatuketisha wapi?"

Rashidi akafikiri. Watu wote walikuwa wanamsikiliza, hata watoto.

"Nyuma ya zizi la mbuzi."

"Ni haki yako," akasema Zakaria, akainuka, akachukua kibuyu mkononi mwangu.

Jumanne hiyo bendi ya Juu iliteremka, mashati yamepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi. Walikaa nyuma ya zizi wakangoja watu wote wa Bondeni wale washibe. Kisha wakasimama wakapiga kila wimbo waliokuwa wanaujua, na yale matarumbeta yenye viraka, mbele ya mbuzi wanane na akina mama wanaoosha masufuria. Mimi nilikuwa nimetozwa faini ya kushika ngoma kubwa. Kutoka pale nilipokuwa nilimwona Rashidi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, peke yake kati ya masufuria, katika kanzu mpya ya sikukuu. Hakuwa amekula. Alisikiliza mpaka wimbo wa mwisho.